Moto wa Mwenzio Hauguswi

Jumamosi ikikaribia saa saba mchana, ukiingia bohari ya vifaa vya ujenzi kusini mwa jiji la Rosario, ustaarabu uache mlangoni. Jiji zima limekumbuka kwa pamoja kwamba mapaa yanavuja, na lango linafungwa hadi Jumatatu. Malori yanarudi kinyumenyume, wapakiaji wanapiga miluzi, vumbi la saruji linamganda kila mwenye jasho, na Novemba ile nani hakuwa na jasho?

Noelia Bertossi alikuwa amekalia rundo la mwisho la matofali ya moto, yale ya manjano yanayostahimili tanuri, kama kuku aliyeatamia mayai. Alivaa ovaroli ya kijani yenye madoa ya chokaa, nywele kazibana kwa penseli, na goti lake la kulia lilikuwa likitikisika. Goti hilo halikujua kutulia tangu utotoni. Mama yake alikuwa akisema mtoto huyu kazaliwa na safari mguuni.

"Dada, samahani, naomba ushuke. Hayo ni yangu."

Noelia akainua macho. Mwanamume aliyesimama mbele yake alikuwa mrefu kama mlingoti, shati la buluu limefuliwa mpaka limepauka, mfuko wa saruji begani.

"Yako kwa alama gani? Mimi nimeyakalia."

"Niliyashika toka asubuhi. Nilikwenda kuchukua saruji tu."

"Saruji ya nini?"

"Ya kuyajengea. Nataka jiko la kuchomea nyama uani kwangu. La kudumu."

Noelia akacheka mpaka penseli ikamtoka kichwani. "Matofali ya moto kwa saruji? Kaka yangu, hilo si jiko, hilo ni bomu. Siku ya kwanza tu ukuta utapasuka, wageni wako wale mbavu kwa kifusi."

"Binamu yangu ndiye aliyenishauri."

"Huyo binamu anakupenda?"

Yule mrefu akafikiri. "Nilimnyang'anya mchumba tulipokuwa shule."

"Basi leo ndiyo analipiza."

Akacheka naye, akautua mfuko. Aliitwa Ramiro Oyarzún, fundi wa lifti. "Kazi yangu ni kupanda na kushuka siku nzima bila kufika popote," alisema.

"Mimi ni kinyume chako. Nafika kila mahali, ila sikai." Noelia alikuwa mchoraji wa majengo, na riziki yake ilikuwa hayo hayo majiko ya uani: dohani, meza za mawe, mabanda ya kukalia watu Jumapili. Aliwachorea wenzake mahali pa kuzeekea, yeye mwenyewe akihama nyumba kila mkataba ulipokwisha. Alipomtajia jengo analoishi, Ramiro akatikisa kichwa.

"Lile lenye lifti ya mlango wa chuma wa kukunja? Liko kwenye zamu yangu. Lifti ile ina kiburi. Ikikukwamisha, atakayekuja ni mimi."

"Nitapanda ngazi."

Kengele ya kufunga ikalia. Wakakubaliana kugawana matofali nusu kwa nusu.

"Lakini nusu haitoshi jiko," Ramiro alinung'unika.

"Inatosha, likichorwa na mtu mwenye akili."

"Unamfahamu?"

"Unaongea naye, mlingoti wewe."

Nyumba ya Ramiro ilikuwa mtaa wa Saladillo, urithi wa baba yake. Uani palikuwa na mzabibu, kamba ya nguo, na pipa lililokatwa katikati, ambalo marehemu alilichomea nyama mpaka unyevu wa mtoni ukalila likabaki matundu matupu. Tangu mzee azikwe, moto haukuwashwa tena pale. Ndugu walikutana Jumapili, wakala tambi, wakatawanyika mapema, na kila mmoja alijua sababu asiseme.

Noelia akazunguka uwanja kama mbwa anayetafuta mahali pa kulala. Akalowesha kidole, akakiinua hewani.

"Ukiweka dohani hapa, upepo wa kusini utakuletea moshi mezani. Jiko liupe kisogo ukuta wa kusini. Meza ya kutayarishia iwe ya graniti, mbao hapa zitavimba. Bomba na sinki, chuma kisichoshika kutu. Sakafu iinamie bustanini, mvua ijiondokee yenyewe."

"Na matofali?"

"Ndani, ya moto, tunayashika kwa udongo mtupu. Nje, ya kawaida. Katikati tunaacha upenyo wa kidole."

"Wa nini?"

"Tofali likipata joto linavimba. Ukilibana, linapasuka. Moto unataka nafasi, Ramiro. Na ule udongo una faida nyingine: siku ukitaka kubadili kitu, unayatoa matofali mazimamazima, huvunji hata moja."

Ramiro alimtazama kwa muda mrefu kuliko yalivyostahili maelezo ya matofali. "Nataka lidumu miaka arobaini," akasema. "Unisaidie kulifikiria miaka arobaini."

Goti la Noelia likaanza. Miaka arobaini! Yeye hata vikombe vyake alikuwa bado hajavitoa kwenye kasha. Na kuna jambo hakulisema siku ile, wala baadaye: ofisi moja ya Mendoza, upande wa pili wa nchi, chini ya milima, ilikuwa ikimtaka akawachoree wenye mashamba ya mizabibu. Walikuwa wakingoja jibu.

Basi ujenzi ukaanza, na simu nazo zikaanza. Walipigiana saa ya kujipumzisha mchana, jiji limefunga madirisha, mmoja yuko juu ya lifti ya watu, mwingine yuko juu ya paa la watu.

"Umekula, mfupi?"

"Nimekunywa chai ya mate tu. Wewe?"

"Mkate na soseji. Nimekuwekea kipande."

"Utakiletaje, kwa lifti?"

"Nitakutumia harufu. Vuta pumzi."

"Mjinga wewe," akasema Noelia, akavuta pumzi kweli, peke yake juu ya paa, na moyo wake ukaruka kwa namna asiyoipenda.

Siku walipojaribu dohani kwa mara ya kwanza, mvua ikawakuta. Noelia alikuwa amekuja na gauni jekundu la pamba lisilo na mikono, akidai ovaroli iko kwenye maji. Ramiro akawasha magazeti mawili, moshi ukapanda wima bila kusita, ukajiendea zake mvuani. Wote wawili waliutazama wakicheka kama watoto. Wakabusiana pale chini ya paa jipya, na kwa mara ya kwanza goti lilitulia. Liliporudi kutikisika, Noelia alijua ni woga.

"Una nini?" Ramiro aliuliza.

"Baridi."

Mvua ya Desemba haina baridi, na Ramiro alikuwa mzaliwa wa Rosario. Lakini hakumsukuma.

Jiko jipya halipewi moto mkubwa siku moja. Huzoeshwa kwa moto mdogo mdogo, jioni baada ya jioni, mpaka unyevu wote utoke. Ramiro alilizoesha kwa subira ya mtu anayefuga farasi. Meza ya graniti ilikuwa bado haijaletwa, kwa hiyo aliweka ubao, akaalika ndugu Jumapili. Alikuja ami Anselmo, mdogo wa marehemu, mzee wa masharubu na maneno ya kuhesabu. Alikuja shangazi Delfina, ambaye maneno yake hayahesabiki.

"Kumbe ndiye huyu," shangazi alisema, akimzunguka Noelia. "Mdogo hivi! Na kajenga hili dude lote?"

"Nilichora tu, shangazi."

"Kuchora ndiyo kujenga. Kaa, mwanangu. Mbona hukai?"

"Nakaa," alisema Noelia, akasimama tena.

Mbavu zilikuwa zimeshawekwa wavuni, soseji pembeni, makaa yakinong'ona, simu ya Ramiro ikalia. Bibi kizee kakwama kwenye lifti karibu na bustani kuu, ana mbwa, na mbwa anataka kukojoa. Ramiro akavua aproni. "Sichelewi. Moto umekaa vizuri, msihangaike nao."

Yeyote aliyelelewa katika nchi ile anajua kwamba unaweza kumkosoa mtu gari lake, timu yake, hata mke wake ukiwa na ujasiri, lakini moto wake hauugusi. Mwenye moto ndiye mwenye moto. Nyama ikiungua, imeungua mikononi mwake, nanyi mtakula mkisifu. Ami Anselmo aliketi akitazama makaa yakififia, mikono kwapani, kama mtu aliye kanisani.

Muda ukapita. Makaa yakavaa majivu. Mafuta ya mbavu yakaacha kudondoka. Noelia akatembea mpaka mzabibuni, akarudi. Akanywa maji. Akatazama lango.

"Zitalala," akasema.

"Atakuja," akasema ami.

"Mzee, zikipoa sasa zitakuwa ngozi ya kiatu."

"Atakuja."

Noelia hakuweza. Alichukua sepetu, akavuta makaa mapya kutoka kwenye kikapu cha chuma pembeni, ambamo kuni zilikuwa zikiwaka, akayatandaza chini ya mbavu. Ilimbidi asimame kwa ncha za vidole na kunyoosha mkono wote, maana jiko lile alilichora kwa kimo cha Ramiro. Ukingo wa chuma ukamchoma karibu na kiwiko. Hakupiga kelele. Nyama ikaanza kuimba tena, na nyuma yake, mezani, pakawa kimya kabisa. Hata shangazi Delfina alinyamaza.

Hapo ndipo Ramiro alipoingia. Akasimama langoni, akamtazama Noelia aliyenyoosha shingo na mkono mbele ya moto wake. Alikuja, akapokea sepetu, akamalizia kazi akiwa kimya.

Mbavu zilitoka laini, ngozi ikilia chini ya meno. Walikula. Na kwa desturi, chakula kikiisha, mmoja huinuka akasema, "Makofi kwa mchomaji," na meza nzima hupiga. Ami Anselmo aliinuka. Akamtazama Ramiro. Akamtazama Noelia. Akakaa. Hakujua amuitie nani, na makofi hayakupigwa.

Kwa Noelia kimya kile kilikuwa hukumu. Aliosha sahani moja, akasema kichwa kinamuuma, akaondoka kabla ya kahawa.

Jumanne alipitia Saladillo kuomba radhi. Alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno yake njia nzima. Kabla ya kufika langoni akasikia nyundo. Kupitia nondo za lango akaona uani fundi asiyemjua anachomoa matofali ya manjano, moja moja, akiyapanga chini. Uso wa jiko ulikuwa wazi kama mdomo usio na meno. Ami Anselmo alikuwa kivulini na kibuyu chake cha mate, ile chai ya majani machungu, akiinywa kwa mrija.

"Mzee, kuna nini?"

"Ramiro kasema libomolewe."

"Kwa nini?"

Ami akavuta mrija mpaka kibuyu kikakoroma. "Kasema lilikosewa."

Noelia alipiga simu akiwa bado mbele ya lango. Ramiro alipokea kwa kelele za minyororo na upepo.

"Mfupi! Niko ndani ya shimo la lifti, sikusikii vizuri."

"Umelibomoa jiko langu?"

"Nini? Ndiyo. Umeshapita? Nilitaka usilione kwanza. Limekosewa, nitakueleza jioni."

"Limekosewa! Kwa sababu niligusa moto wako?"

"Uligusa nini? Noelia, nina watu wawili juu yangu hapa..."

"Kaa na moto wako, Ramiro. Kaa nao miaka arobaini."

Akakata. Simu ikalia tena, na tena, mpaka akaizima. Jioni ile aliwaandikia watu wa Mendoza kwamba anakuja. Alilia akifunga masanduku, na kilichomuudhi zaidi ni jinsi kazi ilivyokuwa nyepesi, maana vitu vyenyewe havikuwa vimefunguliwa. Ramiro alikuja akabonyeza kengele ya chini. Hakumfungulia. Alipanda kitandani akavuta mto kichwani, na goti likatikisa kitanda mpaka usingizi ukamchukua.

Siku ya safari joto lilikuwa la kuokea mkate. Noelia, suruali ya kitani, viatu vya safari, sanduku mkono mmoja na kasha la vikombe mkono mwingine, aliitazama ngazi, akalitazama sanduku, akaamua kumeza kiburi na kupanda lifti. Akavuta mlango wa chuma. Lifti ikashuka ghorofa moja na nusu, ikakohoa, ikasimama. Mbele yake ukuta, juu kidogo mwanga wa ukumbi wa ghorofa aliyoipita.

Aliita. Mlinzi wa jengo akajibu kutoka chini, "Tulia, dada! Nishampigia fundi!"

"Fundi gani?"

"Yule mrefu!"

Noelia akaketi juu ya sanduku. Akasimama. Hakuna pa kutembea. Hatua moja, ukuta. Kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa adhabu ya kutosha kwa dhambi zote. Basi lake lilikuwa linaondoka adhuhuri.

Kwenye ufa wa mwanga viatu vikatokea kwanza, kisha magoti, kisha uso wa Ramiro, aliyelala kifudifudi sakafuni ili amwone. Alikuwa hajanyoa.

"Hujambo, mfupi."

"Nifungulie."

"Nafungua. Ni bawaba tu." Bisibisi ikaanza kazi. "Unakwenda wapi na sanduku?"

"Mendoza. Kuna kazi."

Bisibisi ikasimama, ikaendelea. "Ulijua lini?"

"Kabla ya dohani."

"Ile siku ya baridi."

"Ile siku ya baridi," alikiri Noelia. "Kama ningekuambia, ningelazimika kuchagua. Sijui kuchagua kukaa, Ramiro. Sijawahi. Halafu nikagusa moto wako mbele ya watu wako, na wewe ukanibomolea jiko."

"Nani kasema nilibomoa kwa sababu ya moto?"

"Ami Anselmo. Kasema lilikosewa."

"Ami Anselmo ukimuuliza saa anakujibu 'mchana'." Ramiro akaweka bisibisi chini. "Lilikosewa kimo. Niliporudi Jumapili ile nilikuona umesimama kwa ncha za vidole. Nikaona mkono ulivyoungua. Nikasema moyoni, tumejenga kitu cha kudumu maisha na huyu hakifikii. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nakupima kwa macho. Mimi si msemaji nikiwa napima."

Noelia alishika nondo za mlango.

"Ulisema udongo unaruhusu kubadili," aliendelea Ramiro. "Nimelishusha shibiri nzima. Meza ya graniti nayo imewekwa. Nikikata vitunguu pale mgongo utaniuma, lakini mgongo ni wangu."

Mlango ukaachia. Ramiro akauvuta, akanyoosha mikono, akapokea sanduku, kisha kasha, kisha Noelia mwenyewe. Wakasimama ukumbini, wote wawili wana grisi. Hakumkumbatia. Alisogea pembeni, njia ya ngazi ikawa wazi.

"Bado unaliwahi basi," alisema. "Sikuzuii. Moto unataka nafasi, ulinifundisha mwenyewe. Nakupenda, na lile jiko litakuwa na kimo hicho hicho ukienda ukirudi."

Noelia alishuka ngazi na sanduku lake na kasha lake. Hakuangalia nyuma, kwa sababu alijijua. Kwenye kituo cha mabasi aliliona lile la Mendoza likipakia, dereva akimwita kwa mkono, mguu wake ukagonga sakafu kama cherehani. Miguu ile ilikuwa imepanda mabasi mengi, na yote yalikuwa mepesi kupanda. Hakupata kumbukumbu ya mtu hata mmoja aliyewahi kubomoa kitu kizima kwa ajili yake. Akapiga simu Mendoza, akaomba radhi, akaita teksi.

Nyumba ya Saladillo ilikuwa tupu, lango halikufungwa kwa ufunguo. Noelia alikwenda moja kwa moja uani, akasimama mbele ya graniti nyeusi iliyotiwa joto na jua. Akaweka viwiko juu yake. Vilikaa. Akaingiza mkono ndani ya jiko mpaka kwenye ukuta wa nyuma, nyayo zote mbili zikiwa chini. Akalia pale, uso juu ya jiwe, na Ramiro alipoingia akiwa na mfuko wake wa zana alimkuta hivyo.

"Basi limekuacha?" aliuliza polepole.

"Nimeliacha mimi."

Hapo ndipo alipomkumbatia, na mfuko wa zana ukaanguka na kelele zake zote.

Jumapili iliyofuata ndugu walijaa. Ramiro aliwasha moto, akaukuza, akaujaza mkaa mwekundu. Kisha, mbele ya ami na shangazi na mabinamu, akavua aproni, akamvisha Noelia, akamkabidhi sepetu.

"Moto huu ni wako," akasema. "Mimi nakata vitunguu."

Ami Anselmo masharubu yalimcheza. Shangazi Delfina akaweka mkono kifuani. Hakuna aliyekuwa amewahi kuona mtu anautoa moto wake angali mzima na ana mikono miwili.

Noelia alichoma. Upande mmoja wa mbavu uliungua kidogo, na kila mtu alikula akisifu. Sahani zilipobaki mifupa, ami Anselmo aliinuka, akakohoa, akamtazama mtu mmoja tu.

"Makofi kwa mchomaji."

Wakapiga. Shangazi alipiga mpaka bangili zikalia. Noelia hakuweza kukaa; alizunguka meza akikusanya sahani ambazo bado zilikuwa na nyama, mpaka Ramiro akamshika mkono, pale penye kovu, akamketisha karibu naye.

"Sasa nani atasugua wavu?" aliuliza Noelia, akikwepa macho yake.

"Anayechoma hasugui. Nitasugua mimi."

"Kwa muda gani?"

"Unajua muda gani."

Goti lilikuwa likitikisika chini ya aproni. Noelia aliliacha litikisike.

"Wavu haudumu miaka arobaini," alisema. "Unyevu wa hapa utaula. Itabidi tununue mwingine, na mwingine."

"Tutanunua," alisema Ramiro.

"Haya. Nioe basi, kabla sijasimama tena."

Shangazi Delfina, ambaye alikuwa akijifanya kumenya chungwa, alikidondosha kisu. Ami Anselmo alijisogezea sahani, akachukua kile kipande cha mbavu kilichoungua, akakitafuna mpaka kikaisha.